Kuijua Hatari Isiyouma

Fundisho kwamba mwili ni amana, yaani mali ya Mungu aliyokabidhiwa binadamu aitunze, husikika misikitini na makanisani Arusha, na wengi hulitumia kukata shauri kwamba kila awezaye kupimwa ana wajibu wa kupimwa. Kolonografia inaonyesha kwamba hitimisho hilo lina haraka. Kipimo hicho, kilichoanza kuelezwa mwaka 1994 na daktari David Vining wa Marekani na mwenzake, huunganisha picha za CT-Scan kwa kompyuta hadi ukuta wa ndani wa utumbo mpana uonekane bila kamera kupitishwa humo. Husifiwa kwamba hakiingilii mwili, sifa iliyotiwa chumvi kidogo, kwani mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha, kisha huwekewa mrija mfupi kwenye njia ya haja kubwa ili utumbo ujazwe gesi.

Kinachotafutwa ni polipu, kinyama kinachoota kwenye ukuta huo, ambacho kikielekea kuwa saratani huchukua kwa kawaida miaka 10 au zaidi, na aghalabu hakifiki huko. Picha hukionyesha lakini haikikati. Kazi hiyo ni ya kolonoskopia, kamera inayopitishiwa waya wa kukatia. Pengo la aina hiyo linakumbusha kwamba wataalamu Wilson na Jungner, katika kanuni walizoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, walitaka vifaa vya tiba viwepo kabla watu wasioumwa hawajaanza kupekuliwa. Kanuni hiyo ni ya kitabibu kwa sura, ya kimaadili kwa kiini: anayemfunulia mkulima wa kahawa wa Nkoaranga hatari asiyoihisi, huku njia ya kuiondoa ikiupita uwezo wa mfuko wake, amemkabidhi amana ya pili asiyoweza kuitunza.

Yupo atakayejibu kwamba kujua kuna heri hata pasipo tiba, kwa kuwa humhimiza muumini kutubu, kuandika wosia na kulipa madeni. Hoja hiyo ina uzito kifo kinapokuwa kimekaribia kweli. Kwa polipu ya milimita 6, ambayo huenda ikamsindikiza mwenyewe kaburini bila kumdhuru, humwandalia mazishi mtu mwenye afya, na mauti, kwa waumini wa dini zote mbili, hayakusubiri mashine ili yakumbukwe.

Anayetokwa na damu chooni hamo katika mjadala huu. Yeye si mtu asiyeumwa. Anastahili kolonoskopia moja kwa moja, hata ikibidi kusafiri kilomita 80 hivi hadi Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa kuwa kamera hiyo huweza kuchukua kipande cha kupimwa maabara, jambo ambalo picha haiwezi.