Ripoti na Kweli Yake

Hivi karibuni mnasihi mmoja kijana alinyimwa saini ya msimamizi wake kwa sababu ya barua. Alimwandikia mteja wake, mama aliyefiwa na mtoto, barua isiyokusudiwa kutumwa, kisha akajijibu kwa sauti ya mama yule. Msimamizi alipiga mstari mwekundu kurasa zote, akamtaka aandike yaliyotokea tu. Saa zile za usimamizi hazikuhesabiwa.

Kwamba usimamizi ni pale mnasihi anapoiweka kazi yake mbele ya mwenzake mzoefu kwa faida ya mteja, hilo halina ubishi. Kinachonichoma ni hoja kwamba ubunifu ni uongo na ripoti ndiyo kweli.

Ripoti ipi? Mteja alilia, nikampa muda, tukaagana hadi wiki ijayo. Nani aliamua kilio kiandikwe, na ukimya uliokitangulia uachwe? Nani aliacha kutaja kwamba mnasihi aliitazama saa ya ukutani? Ripoti nayo imechaguliwa, imekatwa na kupangwa, ila haimtaji aliyechagua. Sigmund Freud aliandika kisa cha msichana aliyempa jina Dora kwa kutegemea kumbukumbu, baada ya msichana huyo kuikatiza tiba mwishoni mwa 1900, akakichapisha 1905. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amekwisha kukiri kwamba visa vyake vinasomeka kama hadithi. Na mwishoni mwa kisa cha Dora anakubali kwamba hakuzitambua mapema hisia ambazo msichana alizielekeza kwake. Kukiri huko hakungetoka katika orodha ya yaliyosemwa kikaoni. Kulitoka kwa mtu aliyekaa akaandika.

Sasa irudie barua ya kijana. Katika jibu lile, mama anamwambia: uliharakisha kunifariji kwa sababu wewe ndiye uliyeshindwa kuvumilia. Mama halisi hakuyatamka maneno hayo. Lakini haraka ile ilikuwapo, kijana aliijua, na hakuwa na mahali pengine pa kuisema. Je, hiyo haikutokea? Ni kweli gani ambayo msimamizi aliitafuta, kama si hiyo? Anayedai yaliyotokea tu amekwisha kuamua kwamba ndani ya mnasihi hakutokei kitu, na mnasihi wa namna hiyo ni hatari kwa kila anayeketi mbele yake.

Wapo wanaohofia siri za mteja, nao wana haki: majina na dalili zote zifutwe. Wapo wasiopenda kuandika, nao waachwe waseme.

Lakini kila nikifika hapa humkumbuka Shaaban Robert na shairi alilomwombolezea mkewe, Amina. Vizazi vimelisoma shuleni. Tunamjua Amina kwa kadiri mumewe alivyoumia. Alivyokasirika, alivyocheka, alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, hatukijui. Shairi halina kosa. Ni lake aliyefiwa, na huzuni ile ilikuwa kweli. Hata hivyo Amina hawezi kulijibu.

Mama yule yu hai, na sauti yake imeazimwa bila yeye kujua. Aombwe ruhusa? Akiombwa, kijana ataandika akijua kwamba mama atasoma, na sentensi ile juu ya haraka yake huenda asithubutu kuiandika. Asipoombwa, mnasihi amejipa kinywa cha mtu aliyemjia akiwa hana nguvu. Kati ya hayo mawili, sijapata lililo halali kuliko jingine.