Chakula cha Mja Mzito: Hisani au Haki?

Katika majumba mengi ya miji yetu, chakula kikiiva hupakuliwa wanaume kwanza, na mapande mazuri ya nyama na samaki hutiwa katika sahani yao. Mke, hata akiwa na mimba, hula baadaye kilichosalia. Na siku mume amleteapo maziwa au matunda, husifiwa kwa ukarimu wake. Sisi twauliza: Je, amefanya hisani, au amelipa deni?

Tuitazame Sharia. Mwanamke aliyetalikiwa talaka tatu, asiye na njia ya kurejewa, akiwa na mimba nafaka yake ni juu ya mwanamume mpaka ajifungue. Wanavyuoni wamehitalifiana kama nafaka hiyo ni ya mama kwa sababu ya mimba au ni ya mimba yenyewe. Lakini kwamba ni wajibu, hawakuhitalifiana. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, itakuwaje kwa aliye nyumbani? Tena mja mzito ameruhusiwa kufungua Ramadhani akihofia nafsi yake au mwanawe, alipe baadaye. Ikiwa faradhi yangoja kwa ajili ya tumbo hilo, vipi ada ya sahani isingoje?

Atasema mtu: "Mama zetu walizaa bila ya mambo haya." Naam, walizaa, na wale waliokufa uzazini hawapo kutusimulia habari zao.

Matabibu wametubainishia kwamba ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kufanyika na kufungika katika siku 28 hivi tangu mimba kutunga, kabla ya wanawake wengi kujua kuwa wameshika mimba. Kwa hivyo huwausia wanaotafuta mtoto wameze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba, pamoja na kula kunde, maharagwe, mchicha na machungwa. Basi deni hili laanza kabla ya mimba. Na mume naye ana sehemu yake, kwani tumbaku hudhuru mbegu ya mwanamume. Si haki kumwita mke tasa hali yeye mwenyewe havui sigara mdomoni.

Mimba ikishatunga, mama huhitaji damu nyingi, na damu haifanyiki bila ya madini ya chuma. Mwenye upungufu wa damu huzidiwa na hatari akivuja damu wakati wa kuzaa. Nyama, dagaa na kunde zina chuma. Kukamulia ndimu juu ya mboga husaidia mwili kukipokea, na chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia. Vidonge anavyopewa kliniki avimeze, asiviweke kabatini. Udongo unaouzwa madukani si chakula. Huenda ukawa na mayai ya minyoo na risasi. Papa aepukwe kwa sababu ya zebaki iliyo katika nyama yake. Samaki wadogo ni bora. Ama kumkataza mja mzito mayai, hatuoni dalili yake katika Sharia wala katika tiba, maadamu yameiva barabara.

Hatusemi fukara akakope. Kila mtu hutoa kwa kadiri ya wasaa wake, na kunde na dagaa si vyakula vya matajiri. Tunalolilaumu ni mgawanyo. Twamwona mtu akikopa ili afanye shangwe ya arubaini ya mtoto, naye kwa miezi tisa hakumnunulia mama wa mtoto huyo kikombe cha maziwa. Huyo amewakirimu wageni kwa mali ya mwenye haki.

Basi, ndugu zetu, mja mzito apakuliwe kwanza, na asiambiwe ashukuru. Mwenye deni hashukuriwi kwa kulipa. Hulaumiwa kwa kuchelewesha.

Wabillahi tawfiq.