Ridhaa ya Mshindani

Neno ridhaa lina matumizi mawili katika Kiswahili. Mtu hutoa ridhaa yake katika ndoa na katika mapatano, na hapo maana yake ni kukubali kwa hiari, bila ya kushurutishwa. Uwanjani, mchezaji wa ridhaa ni yule ashindanaye bila ya ujira, naye hutofautishwa na mchezaji wa kulipwa. Matumizi haya mawili yana shina moja. Mchezaji wa kulipwa akiulizwa sababu ya taabu yake hutaja riziki, na hapana awezaye kumlaumu. Mchezaji wa ridhaa hana cha kutaja ila kukubali kwake mwenyewe. Basi swali huzuka: je, kukubali peke yake kwatosha kumfunga mtu mpaka mwisho wa kazi ngumu, hali hapana amlipaye wala amshurutishaye?

Swali hili limo katika mambo mengi ya maisha, lakini ni mahali pachache linapoulizwa kwa ukali kama katika mashindano mafupi ya triathloni. Mashindano haya huunganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, pasipo mapumziko kati ya mchezo na mchezo. Saa ya mshindani haisimami hata anapofunga kamba za viatu. Masafa ya Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilometa 40 za baiskeli na kilometa 10 za mbio. Mashindano mafupi ni nusu ya hayo: mita 750, kilometa 20 na kilometa 5. Bingwa huyamaliza kwa muda usiotimia saa moja. Mtu wa kawaida aweza kutumia saa moja na nusu, au zaidi.

Na afikiriwe mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, aliyejiandikisha katika mashindano kama haya. Amejizoeza kwa miezi mitatu, alfajiri, kabla ya kengele ya darasa la kwanza. Hana tumaini la kushinda. Anajua tangu siku ya kwanza kuwa washindi watakuwa wamekwisha oga na kuvaa nguo safi, naye bado yu njiani. Majini hukuta mambo ambayo mazoezi hayakumfundisha. Mikono ya wengine humgonga kichwani, miguu humpiga kifuani, na pumzi aliyodhani ni yake humkimbia katika mita mia za kwanza. Hulazimika kulala chali, akatazama mbingu, mpaka pumzi imrudie. Atokapo majini huvaa viatu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Juu ya baiskeli hupata faraja kidogo, kisha upepo wa mbele humnyang'anya faraja hiyo. Na ashukapo katika baiskeli hukuta miguu si yake: misuli iliyozoea kuzunguka haikubali upesi kupiga hatua, na kila hatua huwa kama ya mtu aliyebeba gunia. Katika kilometa ya tatu ya mbio, mahali pasipo na watazamaji, swali humjia: ni nani aliyekutuma?

Mtanzania mmoja alipata kulijibu swali hilo mbele ya dunia. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti. Aliendelea hali mguu umefungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kupata ushindi, akawa wa mwisho katika watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize. Jibu hilo limedumu kwa sababu ni la kweli na halina majivuno. Walakini halimsaidii mwalimu. Yeye hakutumwa na nchi. Hana bendera kifuani, na akiacha hapana gazeti litakaloandika. Akhwari alikuwa mjumbe, na mjumbe ana deni kwa aliyemtuma. Mtu wa ridhaa ana deni kwa nani?

Huenda ikajibiwa kuwa ana deni kwa nafsi yake, maana ahadi ni deni, nayo ni ahadi aliyojiwekea mwenyewe. Lakini jibu hili lina adui mkubwa. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alitoa hoja kwamba mwenye uwezo wa kufunga ana uwezo pia wa kufungua. Kwa hiyo mtu aliyefungwa na nafsi yake peke yake hakufungwa, kwa kuwa aweza kujifungua wakati wowote apendao. Hobbes alikuwa akisema habari za mtawala na sheria, wala si za michezo, lakini hoja yake humfuata mwalimu barabarani kama kivuli. Deni ambalo mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, ni nani atakayezuia lisisamehewe?

Yaweza kusemwa kwamba aliyeahidi na atakaye kusamehewa si watu wa hali moja. Aliyeahidi alikuwa ameketi, ameshiba, na akili yake imetulia. Atakaye kusamehewa anapumua kwa shida, na hukumu yake imeelemewa. Hakimu mwema hasikilizi kesi inayomhusu mwenyewe, sembuse kuisikiliza huku anaumwa. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mwisho wa safari. Yako mambo ambayo mtu aliyetulia hakuyajua, na ambayo mwili peke yake huyajua: maumivu ya kifua, kizunguzungu, goti lililoteguka. Aendeleaye juu ya dalili kama hizo hatimizi ahadi, ila huiabudu, na watakaolipa ni mke wake na watoto wake. Kwa hiyo ahadi ya mtu kwa nafsi yake yaweza kufunguliwa kwa haki. Lisilo haki ni kuifungua kwa uchovu kisha kuuita uchovu hatari. Hapo ukweli wa mtu hupimwa vikali, kwa sababu ushahidi wote umo ndani ya ngozi yake, na hapana daktari wala mwamuzi aliye karibu wa kumkanusha.

Iko hoja nyingine iumayo zaidi. Mvuvi huogelea usiku ili afungue wavu ulionasa. Mchukuzi wa mkaa husukuma baiskeli yenye magunia kutoka porini mpaka mjini, akapanda juu yake katika miteremko tu. Mtoto wa kijijini hukimbia kilometa nyingi ili asichelewe shule. Watu hawa wana michezo yote mitatu kila siku, wala hapana awapaye medali. Je, si dhihaka mtu kutoa ada ili achoke, hali wengine wangetoa chochote wapumzike?

Ingekuwa dhihaka kama mashindano yangedai kuwa taabu ni tukufu kwa kuwa ni taabu. Taabu ya mchukuzi haihitaji sifa; yahitaji barabara nzuri, bei ya haki na mzigo mwepesi. Kitukufu katika mashindano, kama kipo, ni ile ridhaa: kwamba mtu aliyekuwa huru kukaa alikubali jambo, kisha akasimama katika neno lake. Wako waliolisahau hili. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya makasia ya Henley, Uingereza, waliweka kanuni kwamba fundi au kibarua afanyaye kazi kwa ujira hawezi kuhesabiwa kuwa mshindani wa ridhaa, hata kama hakupata kulipwa senti moja kwa kupiga makasia. Kifungu hicho cha kuwabagua watu wa kazi za mikono kiliondolewa mwaka 1937. Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini neno la hiari liligeuzwa ua wa kuwazuia wafanya kazi. Ridhaa si tabaka la watu, wala nafasi ya kupumzika si sifa ya moyo. Mwalimu akimpita mchukuzi wa mkaa barabarani, na akumbuke kuwa amempita mtu aliyebeba mzigo, hali yeye amebeba chupa ya maji.

Huko huko barabarani liko jambo dogo liwezalo kufungua fundo la Hobbes. Katika mashindano ya watu wa ridhaa, aghalabu ni marufuku kujibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako, kwa kuwa aliye mbele hupasua upepo na aliye nyuma huneemeka kwa jasho la mwingine. Wasimamizi ni wachache na barabara ni ndefu. Mwalimu aweza kujibanza kwa kilometa mbili asionekane, akamaliza wa hamsini na nane badala ya wa sitini. Hapana zawadi kwa wa sitini, wala hapana kwa wa hamsini na nane. Hata hivyo moyo wake wamkataza, na moyo una sababu. Aliye mbele yake alikubali kushindana kwa sharti kwamba kila mtu atachukua upepo wake mwenyewe. Sharti hilo likivunjwa, amedhulumiwa, ajue asijue.

Basi ridhaa ya mwalimu haikutolewa kwa nafsi yake peke yake. Siku alipojiandikisha aliingia katika mapatano na watu asiowajua majina, na kila mmoja wao aliingia katika mapatano na yeye. Hobbes alisema kweli juu ya mtu aliyefungwa na nafsi yake tu, lakini mshindani si mtu huyo. Itasemwa kwamba aachaye njiani hamdhulumu mtu kama adanganyaye. Ni kweli, na ndiyo sababu aliyeumia huruhusiwa kuacha bila ya aibu. Lakini na itazamwe hali ingekuwaje lau kila asiye na tumaini la ushindi angeacha mara aonapo amepitwa. Mshindi angebaki mtu mmoja akimbiaye peke yake barabarani, wala asingekuwa mshindi wa kitu. Waliomaliza nyuma yake kwa juhudi ya kweli ndio walioupa ushindi wake uzito. Hiyo ndiyo kazi ya wa sitini, nayo haifanywi na mwingine kwa niaba yake.

Mwanzo wa mchezo huu wenyewe wayashuhudia hayo. Jioni ya tarehe 25 Septemba 1974, huko Mission Bay katika mji wa San Diego, Marekani, watu 46 walikusanyika kwa mwaliko wa chama cha wakimbiaji cha mji huo. Waliotunga mashindano walikuwa Jack Johnstone na Don Shanahan, wanachama wa chama hicho. Masafa yalikuwa mafupi: maili sita za mbio, nyingine peku juu ya nyasi na mchanga, maili tano za baiskeli, na yadi 500 za kuogelea zilizogawanywa vipande. Siku hizi kuogelea hutangulia, lakini jioni ile kuliwekwa mwishoni, na wengi katika wakimbiaji wale hawakuwa waogeleaji hodari. Jua likatua hali wengine wangali majini. Ndipo magari yakaelekezwa ghubani, taa zake zikawashwa, ili waliosalia waone pa kuelekea. Miaka 26 baadaye mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, ukiwa na mabingwa, medali na watazamaji wa dunia nzima.

Waliowasha taa zile hawakuwa wakimngoja bingwa. Walikuwa wakiwangoja watu wazito wa mikono na wafupi wa pumzi, ambao hesabu ya jioni ile isingetimia bila ya wao. Mwalimu aulizwapo katika kilometa ya tatu ni nani aliyemtuma, na ajibu kwamba alijituma. Na aulizwapo ni nani amdaiye, na ajibu kwamba wapo watu mbele yake na nyuma yake waliokubali jambo lile lile, na kwamba pale mwisho mtu mmoja amesimama na daftari, hajafunga hesabu.