Mwavuli na Tawakali

Anayesafiri kwenda Ruangwa au Nachingwea mwezi Machi hufunga begi lake bila kujua atakutana na anga gani. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi hazina vuli na masika zilizotengana kama Dar es Salaam au Tanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka katika kundi la mvua za msimu, ambazo huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Katikati yake, mara nyingi Februari, hupita siku za ukavu zinazomtia mkulima wasiwasi kila akitazama mahindi yake. Siku moja ya Machi yaweza kuwa na jua la kuchoma saa tano asubuhi, radi saa tisa alasiri, na usiku wa kutafuta shuka.

Aprili na mwanzo wa Mei zina hatari ya ziada. Aprili 1952 kimbunga kilitoka baharini kikaingia Lindi na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Aprili 2019 watu wa Mtwara walikaa roho juu wakisubiri kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mapema Mei 2024, katika siku za kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na abiria wakakwama.

Basi msafiri abebe nini? Orodha yenyewe si ngumu. Mwavuli au koti la mvua. Viatu vya plastiki vinavyooshwa kwa maji ya ndoo na kukauka upesi, kwa sababu udongo mwekundu wa Nachingwea ukilowa hung'ang'ania soli mpaka mtu akaongezeka kimo. Sweta moja, chandarua, tochi, chupa ya maji, dawa. Khanga doti moja, itakayokuwa shuka, taulo, mbeleko na kifuniko cha kichwa mvua ikianza ghafla. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, yale marambo yaliyokuwa yakikinga nguo ndani ya begi hayatumiki tena, na wazoefu hukunja nguo zao ndani ya kipande cha turubai.

Kigumu ni swali linaloingia begini pamoja na vitu hivyo. Kusini, kama kwingineko nchini, safari haitajwi bila inshallah au Mungu akipenda. Je, anayebeba mwavuli jua likiwaka ameonyesha busara, au amepunguza imani yake kwa Mwenye mvua? Ndani ya basi moja hukaa watu wa aina zote mbili. Mmoja amejaza begi kwa kila hali inayowezekana. Mwingine ana kanzu aliyovaa, tasbihi na nauli, na akiulizwa hujibu kwamba Mungu ndiye mpaji.

Swali hili liliulizwa zamani sana, na majibu yake yameandikwa. Wafasiri wa Qurani wanaeleza, kwa riwaya ya Ibn Abbas, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu. Walisema wao wanamtegemea Mungu. Wakifika Makka, walianza kuomba watu chakula. Aya ya 197 ya Sura ya Al-Baqara iliwaamuru wachukue masurufu, na hapo hapo ikawakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Amri hizo mbili zimekaa katika aya moja. Aya haikuuweka uchamungu mahali pa chakula. Ilividai vyote viwili. Kosa la mahujaji wale lilikuwa kuuita mzigo waliowatwika wenzao tawakali. Kwa mafundisho hayo hayo, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inasimulia mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa kina katika Ihya Ulumuddin, kitabu kinachosomwa katika duru za wanazuoni wa pwani yetu. Alitoa mfano wa Ibrahim al-Khawwas, mchamungu wa karne ya 9 aliyejulikana kwa kusafiri majangwani kwa tawakali tupu. Mtu huyo, aliyeacha hata chakula, hakuwahi kuachana na sindano, mkasi, kamba na chombo cha maji. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Maji ya jangwani yako kisimani, nayo hayapandi juu yenyewe kwa mwenye kiu. Nguo ni moja. Ikichanika na sindano haipo, uchi utaonekana na sala itaharibika. Kwa al-Khawwas, Mungu ameweka desturi katika ulimwengu wake: uzi ndio unaoziba tundu, kamba ndiyo inayofikia maji. Kuidharau desturi hiyo si kumheshimu aliyeiweka.

Kwa hoja hiyo, mwavuli wa Machi hauna ubishi na mbingu. Mvua ya Nachingwea nayo ina desturi yake, na anayeijua desturi hiyo kisha akaipuuza hawezi kusema amemwachia Mungu. Ameacha tu kutumia akili aliyopewa naye.

Sheria yenyewe ya ibada imejiandaa kwa hali ya hewa isiyotabirika. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kusini na pwani yote ya Uswahilini, wanaoswali jamaa msikitini wanaruhusiwa kukusanya sala mbili mvua inapolowesha nguo. Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwagiza mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Aliyevaa khufu, yaani soksi za ngozi, anapangusa juu yake badala ya kuosha miguu, siku moja na usiku wake kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Maji yakikosekana kuna udongo safi wa kutayamamu. Hizi ni ruhusa za watu ambao njia yao inaweza kuwa na mafuriko leo na vumbi kesho, na zimetolewa mapema, kabla ya wingu kuonekana. Kama dini imeweka akiba ya hukumu kwa ajili ya mvua, muumini hana sababu ya kuona haya kwa kuweka akiba ya sweta.

Upande wa Kikristo una mvutano wake, na unafaa kusikilizwa katika ukanda ambao wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianzisha kituo Masasi mwaka 1876 na Wabenediktini wakafika Ndanda mwaka 1906. Katika Injili ya Luka, sura ya 9 na ya 10, Yesu anawatuma wanafunzi bila mkoba, bila mkate, bila akiba. Anayesoma hapo tu ataona kwamba begi jepesi ndilo la mwenye imani. Lakini katika sura ya 22, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu mwenyewe anawauliza kama walipungukiwa na chochote siku zile. Wakajibu hapana. Akawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba vivyo hivyo. Mwalimu ni yule yule na wanafunzi ni wale wale, ila majira yamebadilika. Amri ya kwanza iliwafunza kupokea, na ya pili iliwaandaa kwa siku ambazo milango ingefungwa.

Kinachogongana na imani ni kitu kingine, na historia ya Nachingwea inakionyesha kwa ukubwa wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alileta wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe uliokagua nchi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Mpango ukatoka: zaidi ya ekari milioni 3 za karanga. Maeneo ya Tanganyika yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yalikuja matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vilivyovuliwa silaha na kugeuzwa mashine za kulimia. Kwa ajili ya Nachingwea ilitandikwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu.

Kongwa mvua haikufuata ratiba. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine na kuzizuia karanga zisichimbuliwe. Nachingwea, yenye mvua nzuri zaidi, pori lenyewe lilikuwa gharama kubwa kulifyeka. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango huo na kukubali hasara ya pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla haijapata mzigo iliojengewa.

Wale walikuwa na vifaa kuliko msafiri yeyote aliyewahi kuingia wilaya hizi, na wengi wao walikuwa na nia njema. Walichokosa ni shaka. Walifungasha kana kwamba kesho wamekwisha kuiona. Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifunga na mapenzi ya Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaotangaza watakwenda mji fulani, wakae mwaka mzima na kupata faida, hali hawajui ya kesho. Maandiko hayo hayamkatazi mtu kupanga. Yanamtaka aingize kutojua kwake ndani ya mpango.

Mkulima wa Nachingwea hufanya hivyo kila msimu. Shambani kwake mahindi hukaa na kunde, mtama na muhogo. Mvua ikikata mapema, mahindi yatanyauka lakini muhogo utasubiri. Karanga nazo zilibaki, safari hii kwa jembe la mkono na vipande vidogo vya ardhi. Mwaka 2009 kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kilitoa aina mpya za karanga, na moja ikapewa jina la Nachingwea. Kuchanganya mazao ni kukiri, kwa mikono, kwamba anga ina Mwenyewe. Kubeba mwavuli na kofia ya jua katika begi moja ni kukiri huko huko.

Hata hivyo kujiandaa kunaweza kupita kiasi, nako hakuchoki kujihesabia haki. Anayeshuka kwenye gari na magodoro, chakula chake, maji yake na jiko lake hamhitaji mtu, na mwenyeji hubaki amesimama mlangoni hana cha kumpa. Wanafunzi wa Luka walizuiwa mkoba ili wale walichoandaliwa katika nyumba za watu. Mahujaji wa Yemen waliamriwa masurufu ili wasiwe mzigo kwa watu. Mafundisho haya mawili yanakutana kwa mwenyeji, na swali la nini cha kubeba linakuwa swali la nani atalipia alichokosa mgeni.

Kusini jibu lake lina kalenda. Januari hadi Machi ghala za wakulima wengi huwa zimepungua, kwa kuwa mavuno ya mwaka uliopita yanakwisha na mapya yako shambani. Ndiyo maana jando na unyago vya Wamwera na jirani zao huwekwa baada ya mavuno, njia zikiwa kavu na chakula kipo. Mgeni wa Machi anafika wakati ambapo ukarimu ni ghali, na bado atapewa. Watu wa hapa walishapokea wageni wasio na chochote: katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 wapiganaji wa FRELIMO, akiwemo Samora Machel, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, huku vita ya uhuru wa Msumbiji ikiendelea ng'ambo ya Ruvuma. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimwekea mgeni wajibu. Kwa hiyo kilo kadhaa za mchele, sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia vina haki zaidi ya nafasi begini kuliko jozi ya tatu ya viatu. Ugali, mboga, kitanda na mazungumzo ni vya mwenyeji, na mgeni hana ruhusa ya kumnyang'anya kwa kuja navyo.

Ghazali hakuufunga mlango kwa wanaotaka safari ya al-Khawwas. Alimruhusu kwenda bila chakula mtu aliyeizoeza nafsi yake kuvumilia njaa kwa siku nyingi bila kutikisika, na awezaye kuishi hata kwa majani. Lakini ruhusa hiyo aliifunga kwa mtu huyo peke yake. Mwenye familia, alisema, hana haki ya kuwatwisha watoto wake njaa kwa jina la tawakali yake. Mwezi Machi, katika mabasi ya Ruangwa na Nachingwea, wengi husafiri na watoto: mmoja mgongoni, mwingine ameshikwa mkono. Kwa hao hoja imekwisha kuamuliwa. Sweta la mtoto, chandarua chake, chupa ya maji yaliyochemshwa na dawa ya kuzuia kuharisha huingia begini kwanza. Dua ya safari husomwa basi likianza kuondoka, na sweta likiwa tayari limekwisha kufungashwa.