Maji ya Ua

Kwetu Nachingwea mwaka una sura mbili tu. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo hakuna cha kungoja hadi mwaka ugeuke. Wakati wa mvua kila mtu ni mtunza bustani hata kama hajashika jembe: mchicha, mlenda na maboga huota hadi pembeni mwa choo. Shida huanza kiangazi, hasa Septemba na Oktoba, visima vifupi vinapokauka, bomba linapotoa maji kwa zamu, na bado kuna mtu anataka ua lichanue dirishani pake.

Je, ni haki kumwagilia ua mahali ambapo maji hubebwa kichwani?

Tuanze na hesabu. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mashirika ya misaada, yanapohudumia watu waliokumbwa na majanga, hulenga kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Nyumba yetu ina watu sita, kwa hiyo kwa kipimo hicho cha wakimbizi tunahitaji madumu manne na nusu. Mama ana mwasumini mmoja, miwaridi mitatu na bogenvilia mlangoni. Vyote pamoja hunywa nusu dumu jioni. Katika kila safari kumi za kisimani, moja ni ya maua.

Ajabu ni kwamba kiangazi ndio msimu wetu wa kupamba. Mavuno yameingia ndani, mikorosho inachanua, pesa za mnada zinategemewa kuanzia Oktoba. Harusi hupangwa miezi hiyo, na ngoma za jando na unyago pia. Nyumba za udongo hukandikwa upya, ukuta mweupe juu na mstari mwekundu chini. Uwanja hufagiwa mpaka ubaki na michoro ya ufagio. Vitambaa vya kufuma hufuliwa, maua ya plastiki ya sebuleni huoshwa vumbi. Idi peke yake haina msimu, kwa sababu kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Idi el-Fitri ya 2008 ilitukuta mwanzoni mwa Oktoba, katikati ya vumbi. Ya 2024 ilikuja Aprili, na bustani haikudai hata kikombe. Lakini kwa sherehe nyingine nyingi, wakati tunaohitaji uzuri ndio wakati maji yameadimika.

Mjomba wangu anaishi Ruangwa. Kwetu Wamwera mjomba ana neno zito katika nyumba ya dada yake, na alikuja kwa mazungumzo ya harusi ya dada yangu. Kabla hajakaa aliona udongo umelowa chini ya mwasumini.

"Dada, hili ua linaliwa?"

"Haliliwi, kaka," mama akajibu. "Wewe kwako Ruangwa umepaka ukuta chokaa. Unaula?"

Tulicheka, lakini hoja ya mjomba si ya kuchekwa. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1970, nchi ikiwa kwenye kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, wakati kila kipande cha ardhi kilitakiwa kitoe chakula. Na hoja yake ina ndugu chuoni. Katika makala ya mwaka 1972, mwanafalsafa wa Australia Peter Singer alidai kwamba ukiweza kuzuia jambo baya bila kutoa sadaka kitu chenye uzito uleule wa kimaadili, ni wajibu wako kulizuia. Ukiweka kiu ya jirani upande mmoja wa mizani na waridi upande mwingine, hutasubiri muda mrefu kujua upande gani utashuka.

Hata hivyo, Nachingwea ina sababu ya kuwa na wasiwasi na watu wanaopima kila kitu kwa manufaa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga hapa, Kongwa na Urambo. Msitu ulifyekwa kwa matrekta ili dunia iliyotoka vitani ipate mafuta ya kula. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa 1962. Hakuna mwasumini uliowahi kupoteza kiasi hicho. Hilo halithibitishi kwamba ua lina haki ya maji. Linaonyesha tu kwamba kusema "hiki kina manufaa" hakumalizi mjadala.

Upande wa mama una nguvu yake pia. Yeye husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni huanza kupokelewa na mlango kabla ya kupokelewa na chai. Nikimwelewa vizuri, anasema zaidi ya hapo. Mtu maskini akiambiwa kwamba haki yake ni chakula na maji tu, ameambiwa haki za mifugo, maana nao hula na hunywa. Anayepanda ua Septemba anadai kwamba maisha yake si ya kuvuka siku tu. Sioni kwa nini dai hilo liwe halali kwa mwenye bomba ndani na liwe ufujaji kwa asiye nalo.

Mazungumzo yangeishia hapo, kaka na dada kila mmoja na lake, kama mdogo wangu asingeingia. Ni binti wa mama mdogo, yuko kidato cha pili, anakaa kwetu kwa ajili ya shule. Alitua dumu, akamwamkia mjomba, kisha akasema akiangalia chini:

"Mama mkubwa, maji ya maua nayabeba mimi."

Hakuongeza neno. Wala hakuhitaji.

Mjomba aliuliza maji yanatumika kwa nini, mama akajibu kwa heshima ya nyumba, na Singer kwa wajibu kwa walio mbali. Wote walizungumza kana kwamba maji yalikuwa yameshafika uani. Lakini uzuri wa nyumba una mbebaji, na kwetu mbebaji ana umri na jinsia. Kijana wa kiume akifunga madumu kwenye baiskeli na kuyauza mtaani, tunaita biashara. Msichana akibeba dumu lilelile kichwani hadi nyumbani, tunaita malezi.

Kwa hiyo naona swali la haki au ufujaji lilikosewa tangu mwanzo. Familia ina haki ya ua. Isichokuwa nayo ni haki ya kumtwisha mtu mmoja uzuri wa wote, kisha imsifu kwa adabu yake. Kipimo changu ni hiki: anayebeba anaweza kusema "leo hapana" bila kununiwa?

Mama alimuuliza. Binti akachagua mwasumini ubaki, kwa sababu jioni huchuma maua yake akaweka kwenye nywele. Miwaridi ikapewa maji ya kuoshea mchele. Bogenvilia ikaachwa ijitegemee, na yenyewe huvumilia ukame kuliko sisi. Kaka zangu wakapangiwa zamu za baiskeli, nami nikiwa likizo nina zamu yangu.

Sitaki kulifanya hili liwe hadithi ya mafanikio. Msichana wa miaka kumi na minne anayekula kwenye nyumba ya mama yake mkubwa hachagui kwa uhuru tunaoufundisha kwenye semina za maadili. Huenda aliuacha mwasumini kwa sababu aliujua unapendwa na mama. Ndiyo maana kumuuliza mara moja hakutoshi. Kiangazi hurudi kila mwaka, harusi nyingine zitakuja, na mwakani Septemba mtu mwenye dumu atapaswa kuulizwa tena, kabla ya maua kumwagiliwa.