Msiandike "Hana" Kabla ya Kutafuta

Wanangu mnaoingia katika kazi ya kuchunguza vimelea vya damu kwa ndege wa porini, nina neno moja la kuwausia: msiandike "hana" mpaka muwe mmetafuta kwa haki. Ndege mwenye vimelea akiandikwa mzima, huo ni uongo hata kama hamkuukusudia, na utaaminiwa na watu ambao hawatamwona tena ndege yule.

Anzeni kwa kumhurumia ndege mwenyewe. Chozi wengi wana gramu 10 au pungufu, na kanuni ni kutochukua damu inayozidi asilimia 1 ya uzito wa ndege. Kwa ndege wa gramu 10 hiyo ni sehemu ya kumi ya mililita, nanyi hamhitaji hata nusu yake. Chomeni mshipa wa bawa kwa sindano nyembamba, pokeeni damu kwa kimrija cha kioo, kisha bonyezeni pamba mpaka damu ikatike.

Slaidi itengenezwe palepale. Weka tone dogo karibu na ncha ya kioo. Leta kioo cha pili kwa mshazari, kirudishe nyuma mpaka kiguse tone na damu itambae ukingoni, halafu sukuma mbele mara moja bila kusita. Damu iliyotandazwa vizuri huishia kwa wembamba, na hapo seli hukaa mojamoja. Ipepee ikauke upesi, hasa kwenye unyevunyevu wa milimani kama Amani, Usambara, kwa sababu damu ikishatoka mwilini baadhi ya vimelea huanza kubadilika umbo ndani ya dakika chache. Slaidi zikae mbali na nzi na sisimizi, maana wataila damu hiyo, na mbali na formalini, ambayo mvuke wake huharibu upakaji rangi. Siku hiyohiyo ziingizeni kwenye methanoli safi, ndipo baadaye zipakwe rangi ya Giemsa.

Kwenye hadubini ndiko wengi wanakochokea. Ndege aliyeambukizwa zamani anaweza kubaki na kimelea kimoja tu katika maelfu ya seli. Pitieni angalau maeneo 100 kwa lenzi ya mafuta, kwa ukuzaji wa mara 1,000, na msione dakika 20 kwa slaidi moja kuwa nyingi. Plasmodium na Haemoproteus huacha punje nyeusi au za kahawia ndani ya seli. Leucocytozoon haachi punje hizo, ila huivuruga seli mpaka isitambulike. Mkikuta kimelea kinagawanyika ndani ya seli nyekundu, huyo ni Plasmodium, jamaa wa vimelea vya malaria ya binadamu, anayeenezwa na mbu. Haemoproteus hagawanyiki kwenye damu inayozunguka, naye huenezwa na vijinzi viumavyo na inzi bapa wanaojificha kwenye manyoya. Leucocytozoon huletwa na inzi weusi wa mtoni. Ukikosea jina la kimelea, utamtafuta mdudu asiyehusika.

Najua mtaniambia, "Babu, siku hizi kuna PCR." Ni kweli, nami naithamini. Kipimo hicho hunakili kipande cha kinasaba cha kimelea mara nyingi mpaka kionekane, na hukamata maambukizi ambayo jicho limeyapita. Hata hivyo, chembe ndogo ya sampuli moja ikirukia kimrija cha jirani, ndege mzima ataandikwa mgonjwa. Kila kundi la sampuli liwe na kimrija cha maji matupu. Maji yakionyesha kimelea, rudieni kazi yote. Ndege akiwa na vimelea vya aina mbili, PCR mara nyingi hutoa kimoja na kuficha cha pili. Tena haikwambii kama kimelea kimefikia hatua ya kuweza kumwambukiza mdudu. Hilo huonyeshwa na slaidi. Tumieni vyote viwili kwa ndege yuleyule.

Kumbukeni pia kwamba wavu humnasa ndege anayeruka. Aliyezidiwa na homa ametulia tawini, hafiki kwenye wavu wenu. Kwa hiyo msiseme ugonjwa ni mwepesi kwa kuwa mliowashika wana nguvu.

Kazi hii si ndogo. Mwaka 1898 Ronald Ross, akiwa Calcutta, alithibitisha kwa kutumia ndege kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria yao, na njia ya kuielewa malaria yetu ikafunguka. Huko Hawaii, mbu walioingia na meli na malaria iliyofuata baadaye vimewaua ndege wengi wa asili, na wengi wa waliosalia wamebaki kwenye miinuko yenye baridi. Joto linapopanda, mbu hupanda nalo. Hapa kwetu, milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina ndege wasiopatikana kwingine duniani. Tutajuaje kama ugonjwa umeanza kuwapandia, ikiwa kumbukumbu za leo hazitaaminika?

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Katika kazi yetu anayechoka mapema hupata "hana" ya bure. Basi kila mnapoandika hamkuona kitu, andikeni pia mlitafuta wapi, kwa kipimo gani na kwa muda gani, na slaidi itunzwe. Atakayekuja baada yenu awe na haki ya kutazama upya na kuwasahihisha.