Kabla Hujasema "Tatizo Ni Wewe"



Tafakari yetu leo inatoka mbali kidogo, Norwe. Kuna filamu ya mwaka 2024 inaitwa Elskling, na kwa Kiingereza waliipa jina Loveable, yaani mtu anayestahili kupendwa. Aliyeiandika na kuiongoza ni Lilja Ingolfsdottir, na ni filamu yake ndefu ya kwanza. Kwenye tamasha la Karlovy Vary, Jamhuri ya Czech, ilipata Tuzo Maalumu ya Majaji, na Helga Guren akatangazwa mwigizaji bora wa kike. Ila kilichonivuta mimi ni tuzo nyingine iliyopata hapo hapo, ya jopo la kiekumene, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti hukaa pamoja kuitazama filamu kwa jicho la imani na utu.

Sasa usitegemee bunduki wala magari kukimbizana. Ni nyumba tu, watoto, nguo chafu, na watu wawili waliochoka. Maria ana watoto wawili wa ndoa ya kwanza. Anakutana na Sigmund kwenye sherehe, moyo unadondoka, wanaoana na kupata wengine wawili. Miaka saba baadaye, Sigmund amesafiri kikazi kwa wiki kadhaa na Maria amebeba nyumba nzima peke yake. Mume anarudi. Badala ya "karibu, pole na safari", moto unawaka. Mwishowe Sigmund anatamka kwamba anataka talaka.

Nilipoitazama, mwanzoni nilikuwa upande wa Maria kabisa. Na kweli dada ana hoja, maana kulea watoto wanne peke yako si mchezo. Lakini filamu haiishii hapo. Wanakwenda kwa mshauri wa ndoa, kisha Maria anaendelea peke yake, na huko swali linageuka. Haulizwi tena Sigmund amefanya nini. Anaulizwa: ndani yako kunatokea nini kabla hujaanza kufoka? Anarudi hadi kwa mama yake mzazi, na pole pole tunaona kwamba hofu ya kutopendwa ilikuwepo moyoni mwake kabla Sigmund hajafika.

Ndugu yangu, fungua Mathayo 7:3-5, lile fundisho la kibanzi na boriti. Wengi tunalisoma kana kwamba Yesu anasema mwenzako hana kosa. Hapana! Kibanzi kipo, na Bwana mwenyewe anakikubali. Anachofundisha ni utaratibu. Toa kwanza boriti yako, ndipo utaona vizuri kumsaidia mwenzako. Sigmund naye ana kibanzi chake, lakini Maria hawezi kukigusa bila kumuumiza, kwa sababu macho yake yamejaa maumivu ya zamani.

Sasa weka hapo Marko 12:31, umpende jirani kama nafsi yako. Hiyo "kama" ni kipimo. Kama moyoni unaamini hufai kupendwa, basi kila kitu kitakuwa ushahidi. Kachelewa kujibu meseji? Hanipendi. Amekaa kimya? Kanichoka. Utamdai mchumba wako akuthibitishie thamani yako asubuhi, mchana na jioni, na hakuna binadamu anayeiweza kazi hiyo. Mume si Mwokozi. Mke si Mwokozi. Mwokozi tunaye mmoja tu.

Kuna mahali Maria anasimama mbele ya kioo na kujaribu kujiambia kwamba anastahili kupendwa. Jamani, inauma kutazama! Maneno hayatoki kirahisi. Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa Ubatizo. Sisi hatujaachiwa kioo peke yake. Kabla hujajua kusema lolote, Mungu alikuita mwana wake. Yohane anatufundisha kwamba sisi tunapenda kwa sababu Yeye alitupenda kwanza (1 Yoh 4:19). Anayelijua hilo anaingia kwenye ndoa akiwa na kitu cha kutoa, haendi kuomba omba.

Wewe uliye kwenye uchumba, nikuulize. Kamati ya harusi imeshakaa mara ngapi kujadili michango, ukumbi na rangi ya sare? Na ninyi wawili mmeshakaa mara ngapi kuulizana: kwenu mliona wazazi wakigombana vipi? Wewe ukikasirika unafoka au unanuna wiki nzima? Mafundisho ya ndoa parokiani si mhuri wa kupata tarehe. Neema ya Sakramenti ni kweli kabisa, ila haifanyi kazi na kidonda unachokificha.

Tuelewane vizuri lakini. Kama mwenzako anakupiga au anakutishia, nisikusikie ukisema "ngoja nijichunguze mimi kwanza". Jiokoe, waokoe watoto. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia (2016) anakiri kwamba kuna nyakati kutengana hakuepukiki, ili kuwalinda walio dhaifu. Mwambie paroko, mwambie ndugu unayemwamini, nenda polisi. Boriti ya jicho lako haimpi mtu ruhusa ya kukuvunja mkono.

Zoezi la wiki hii ni dogo. Kabla ya kusema "wewe kila siku uko hivyo", nyamaza kidogo, halafu anza na "mimi naumia ninapo...". Jioni fanya uchunguzi wa dhamiri juu ya hasira yako tu, na Jumamosi uipeleke kwenye Kitubio.

Tusali: Bwana Yesu, uliyetupenda tukiwa bado wakosefu, ponya ndani yetu yule mtoto anayeogopa kuachwa. Utufundishe kupenda bila kudai malipo, na uwashike mkono wanandoa ambao usiku huu wamelala bila kusemezana. Amina.